Tuisome London Tukiwa Fort Ternan

Kwa miaka mingi, mwanafunzi wa kidato cha pili katika nchi hii amefundishwa habari za miji ya kale. Amekariri sababu za kukua kwa Cairo, Meroe na Kilwa. Kisha akavuka bahari hadi Athens na London. Na mwishowe akarejea Afrika kuisoma Johannesburg na Nairobi. Ukimwuliza, awe Lamu au Lodwar, kwa nini mji wa London ulikua, atakujibu bila kusita: mto Thames, bandari, biashara, viwanda, reli, na makao makuu ya serikali. Jibu lake ni sahihi na mtahini atampa alama zote. Lakini mchukue mwanafunzi huyohuyo, umsimamishe kwenye stesheni ya reli ya Fort Ternan, umwulize huyo Ternan alikuwa nani. Hapo ndipo utakapoona macho yakitafuta ardhi.

Simlaumu mwanafunzi, maana mimi nami nilikuwa wa aina hiyo. Nilijua mwaka London ilipoungua kabla sijajua nani aliyeipa jina lake stesheni iliyokuwa mbele ya macho yangu. Wahenga walinena kwamba mkosa mila ni mtumwa. Naongeza kwamba anayejua mila za jirani yake na asijue za kwake ni mtumwa aliyesoma.

Kuna walimu wanaoona kwamba dawa ya ugonjwa huu ni kuifuta London katika vitabu vyetu. Wanauliza, kwa haki, mtoto wa mchuma majani chai ana haja gani na wafalme wa Wanormani. Nauheshimu uchungu wao, lakini naomba kutofautiana nao. Nia yangu leo ni kuonyesha kwamba historia ya London na historia ya Fort Ternan ni kamba moja yenye ncha mbili. Aliyeshika ncha moja tu hajui anavutwa na nani.

Tuanze mwanzo. London haikujengwa na Waingereza. Ilijengwa na wavamizi. Warumi walivamia kisiwa cha Britania mwaka 43 baada ya Kristo, na katika muda wa miaka michache wakaanzisha kituo cha biashara kando ya mto Thames, mahali palipofaa kujenga daraja. Wakakiita Londinium. Kwa maneno mengine, mji huo ulizaliwa kama ilivyozaliwa miji mingi ya Kenya: mgeni mwenye silaha alitafuta mahali pa kupitisha bidhaa na askari wake, wenyeji wakaamka na kukuta mji.

Wenyeji hao hawakunyamaza. Katika nchi ya Waiceni, mashariki ya kisiwa, mfalme alipofariki Warumi waliinyakua mali yake, wakamchapa viboko mjane wake, Boudica, na kuwanajisi binti zake. Mnamo mwaka 60 au 61 malkia huyo aliongoza maasi makubwa. Aliuteketeza mji wa Camulodunum, kisha Londinium, kisha Verulamium. Hata leo wachimbaji wa mambo ya kale wanapochimba katikati ya London hukuta tabaka la udongo mwekundu uliookwa na moto wake. Mwishowe alishindwa. Na yote tunayoyasoma juu yake yaliandikwa na maadui zake, Tacitus akiwa mmoja wao, kwa kuwa watu wake hawakuacha maandishi.

Sasa tazama jambo la ajabu. Ukisimama leo kando ya daraja la Westminster, mkabala na Bunge la Uingereza, utaona sanamu kubwa ya shaba ya mwanamke aliyesimama kwenye gari la vita, mkono ameuinua, farasi wake wakipaa. Huyo ni Boudica. Mji alioutia moto umemfanya shujaa wake! Sanamu hiyo ilisimamishwa pale mwaka 1902.

Naomba mwalimu auandike mwaka huo ubaoni. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo wa 1902, kwa uamuzi uliotoka London, Mkoa wa Mashariki wa Uganda, ambao Fort Ternan ilikuwa ndani yake, ulikatwa na kuunganishwa na Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya baadaye. Mkipsigis aliyelala usiku akiwa chini ya kamishna mmoja aliamka akiwa chini ya mwingine. Na miaka mitatu tu baada ya London kumjengea sanamu mpinzani wa dola ya Kirumi, askari wa dola ya Kiingereza walimwua mpinzani wao katika milima ya Nandi. Koitalel arap Samoei, Orkoiyot wa Wanandi, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 na Richard Meinertzhagen na askari wake, katika mkutano alioitiwa kwa jina la amani. Fimbo zake za uongozi zilichukuliwa hadi Uingereza, nazo hazikurudishwa hadi mwaka 2006. Mwanafunzi aliyeisoma habari ya Boudica kwa makini atamwelewa Koitalel vizuri zaidi, na aliyemwelewa Koitalel hatahitaji kukaririshwa habari za Boudica.

Je, Ternan? Trevor Ternan alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza, na mwaka 1899 alikaimu ukamishna wa Uganda. Jina la mahali petu, basi, lina maneno mawili tu, nayo yanatosha kuwa somo zima. La kwanza maana yake ni ngome. La pili ni la mwanajeshi. Reli ilipokuwa ikiteremka kutoka Mau kuelekea ziwani, ilipita katika nchi iliyokuwa ikipigania uhuru wake. Wanandi walipambana na Waingereza tangu mwaka 1895 hadi 1905, wakizikata nyaya za simu na kuzing'oa skrubu za reli. Hata Lumbwa, stesheni ya jirani, ilibeba jina ambalo wageni waliwaita Wakipsigis, si lile ambalo Wakipsigis walijiita wenyewe. Baada ya uhuru Lumbwa ikawa Kipkelion. Fort Ternan ikabaki Fort Ternan.

Turudi London kidogo. Warumi waliondoka mwanzoni mwa karne ya 5, na mji ndani ya kuta zao ukawa karibu mahame. Wasaksoni walijenga makao mapya upande wa magharibi, hadi mfalme Alfred alipoufufua mji wa kale mwaka 886 kwa kuwahofia Waviking. Mwaka 1066 William wa Normandy aliuteka ufalme, akatawazwa Westminster siku ya Krismasi, kisha akaanza kujenga ngome ya mawe kando ya mto ili kuwatia hofu raia wake wapya. Ngome hiyo ingalipo. Mwalimu na asisite kusema darasani kwamba London nayo ina Fort Ternan yake, ila yao huiita Tower.

Kisha yakaja majanga. Tauni iliuvamia mji mwaka 1348, ikarudi mara nyingi, na ile ya mwaka 1665 iliua watu zaidi ya 68,000 kwa hesabu ya vitabu vya parokia. Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 1666, moto ulianza katika duka la mwoka mikate kwenye kichochoro cha Pudding Lane. Kwa siku nne uliteketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87. Christopher Wren akapewa kazi ya kulijenga upya kanisa kuu la St Paul's, nalo likakamilika mwaka 1710.

Msomaji aone kwa nini tunaijua idadi ya nyumba zilizoungua. Ni kwa sababu kuna watu waliohesabu na kuandika. Makarani wa parokia waliandika kila wiki nani kafa na kafa kwa ugonjwa gani. Samuel Pepys, karani wa mambo ya majini, aliandika kila siku alichokiona, hata vitu vidogo. Miongoni mwa vitu hivyo vidogo ni kwamba tarehe 25 Septemba 1660 aliagiza kikombe cha kinywaji kutoka Uchina ambacho hakuwa amekionja kabla ya hapo. Kinywaji hicho kiliitwa chai.

Na hapa, ndugu msomaji, ndipo kamba inapotuvuta. Kikombe kile cha Pepys kilikuja kugeuza milima ya Kericho. Kampuni ya Uhindi Mashariki, iliyopewa hati yake na Malkia Elizabeth wa Kwanza siku ya mwisho ya mwaka 1600, iliendesha mnada wa kwanza wa chai London mwaka 1679. Kwa zaidi ya karne moja chai ilikuwa anasa ya matajiri, kwa kuwa ushuru wake ulikuwa mkubwa mno. Mwaka 1784 ushuru ukapunguzwa kutoka takribani asilimia 119 hadi asilimia 12.5, na hata fundi wa kawaida akaweza kunywa. Mwaka 1839 chai ya India ikauzwa London kwa mara ya kwanza. Mtaa wa Mincing Lane ukawa mahali ambapo madalali walionja, wakatema, na kutaja bei. Na mchuma majani aliyekuwa maili elfu kadhaa kutoka hapo akala au akalala njaa kwa kadiri ya walivyosema.

London yenyewe ilikuwa imefura. Mwaka 1801 ilikuwa na watu wapatao milioni moja. Kufikia mwaka 1901 walikuwa zaidi ya milioni sita. Kipindupindu kiliwaua maelfu hadi daktari John Snow alipoonyesha, mwaka 1854, kwamba ugonjwa ulienea kwa maji machafu, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikuu ya majitaka. Mwaka 1863 treni ilianza kupita chini ya ardhi. Mji uliokuwa na watu wengi kiasi hicho ulihitaji chakula, pamba, mpira, sukari na chai kutoka nje. Ukahitaji na njia za kuvifikia.

Ndipo Bunge la Westminster lilipojadili reli ya Uganda. Wabunge kama Henry Labouchere waliukejeli mpango huo, wakiuona kuwa ni wazimu wa kupoteza fedha za walipa kodi. Lakini kura zilipigwa, ujenzi ukaanza Mombasa mwaka 1896, na reli ikafika Kisumu, wakati huo Port Florence, tarehe 20 Desemba 1901. Gharama ilikuwa zaidi ya pauni milioni tano, nayo ilikuwa imekadiriwa kuwa milioni tatu. Deni hilo lilihitaji mtu wa kulilipa. Serikali ikawaita walowezi waje walime mazao ya kusafirishwa kwa reli hiyo, na ili walime, wakahitaji ardhi ya watu wengine.

Sheria za Ardhi ya Taji za mwaka 1902 na 1915 zilifanya kazi hiyo. Ile ya pili iliruhusu ukodishaji wa miaka 999, muda ambao ukihesabu kwenda nyuma kutoka 1915 unakufikisha kabla William hajaingia London! Baada ya Vita Vikuu vya kwanza, ekari zipatazo 25,000 za Kericho walipewa maafisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Bei ya kitani ilipoanguka, mradi ukafa. Wakipsigis hawakurudishiwa ardhi. Iliishia mikononi mwa kampuni ya chai ya James Finlay katikati ya miaka ya 1920, wakati ambapo kampuni ya Brooke Bond nayo ilikuwa ikiingia katika eneo hilo. Ndivyo zulia la kijani tunalolisifu katika insha zetu lilivyotandikwa.

Waliopinga walijua gharama yake. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahsusi ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai, ambao Waingereza waliwahofia kwa sababu ya mamlaka yao ya kiroho na kisiasa. Mamia yao, wanaume, wanawake na watoto, walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya joto na maradhi. Walikaa huko hadi uhuru ulipokaribia. Mwaka 2022 wazao wao pamoja na Wakipsigis wenzao walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, mjini Strasbourg. Hayo, basi, si mambo ya kale yaliyooza. Ni kesi ya enzi yetu.

London nayo ilionja dawa chungu. Kuanzia tarehe 7 Septemba 1940 ndege za Ujerumani ziliimiminia mabomu usiku baada ya usiku. Vita vilipokwisha, mji mkuu wa dola ulikuwa na magofu na madeni, na mataifa yaliyotawaliwa yakadai chao. Ni mjini London, katika jumba la Lancaster House, ambapo wajumbe wetu walikutana mwaka 1960, 1962 na 1963 kujadili katiba ya Kenya huru. Miongoni mwao alikuwapo Taaitta Toweett, mwana wa Kericho, ambaye baadaye alijulikana pia kwa utafiti wake wa lugha. Mtoto wa nchi iliyogawanywa kutoka London alikwenda London kuidai.

Na minada? Mnada wa chai wa London ulifanywa kwa mara ya mwisho tarehe 29 Juni 1998, baada ya zaidi ya karne tatu. Mnada wa Afrika Mashariki, ulioanzia Nairobi katika miaka ya 1950 kisha ukahamia Mombasa, ndio unaotaja bei ya majani ya Kericho siku hizi. Wafalme waliondoka, madalali nao wakafuata. Swali la mkulima mdogo, kwamba bei inatajwa na nani na kwa nini, bado lipo.

Nimesema kwamba tunaijua London kwa kuwa watu wake waliandika. Hilo ndilo jambo linalonisumbua zaidi. Habari nyingi za Fort Ternan ya enzi ya ukoloni ziliandikwa na makamishna na maafisa, na sehemu kubwa ya maandishi hayo yamehifadhiwa Uingereza. Mwaka 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha majalada mengi yaliyoondolewa Kenya wakati wa uhuru. Mtafiti wa kwetu anayetaka kujua babu yake alihamishwa kwa amri ya nani hulazimika kuomba viza! Tuko mahali alipokuwa Boudica: habari zetu zimo katika kalamu ya Tacitus.

Tofauti ni kwamba Boudica hakuwa na kalamu, sisi tunayo. Wazee waliozaliwa Gwassi wangali wapo, lakini wanapungua kila mwaka. Wako wastaafu wa reli wanaojua majina ya mafundi, na akina mama waliochuma chai tangu enzi za walowezi. Yako majina ya vilima na mito katika Kikipsigis, Kinandi na Kijaluo ambayo hayajaandikwa katika ramani yoyote. Kila mazishi ya mmoja wao ni jalada lililoungua, wala hatuna Pepys wa kutueleza lilikuwa na nini.

Fort Ternan haistahili kupuuzwa kwa kuwa ni ndogo. Katika shamba moja hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, Louis Leakey alifukua mabaki ya sokwe wa kale aliyemwita Kenyapithecus wickeri, kwa heshima ya mwenye shamba, Fred Wicker. Majivu ya volkeno yaliyahifadhi kwa takribani miaka milioni 14. Wataalamu wangali wanabishana kuhusu nafasi ya kiumbe huyo katika ukoo wetu, lakini umri wake haupingwi. Ukiugawanya kwa umri wa London, utapata mara elfu saba. Tunapofundisha kwamba historia ilianza mahali pengine ikaja kwetu kwa treni, tunafundisha uongo.

Basi, walimu wenzangu, sidai mtaala mpya wala bajeti. Nadai juma moja katika muhula. Mkiisoma London, wapelekeni wanafunzi kwenye stesheni, au sokoni, au kwa mzee wa mlango wa pili, na daftari mkononi. Waandike nani alipaita hapa hivi, na palikuwa pakiitwaje kabla. Waandike ardhi hii ilikuwa ya nani mwaka 1900, mwaka 1930 na mwaka 1963. Waandike jina la msimulizi, akikubali, na tarehe ya masimulizi. Nakala moja ibaki katika maktaba ya shule, nyingine apewe mzee mwenyewe. Katika miaka kumi shule moja itakuwa na jalada ambalo London haina.

Na wewe mwanafunzi, usiichukie London wala usiiabudu. Isome kama mwenye shamba anavyosoma hati ya mpaka: kwa utulivu, na kidole juu ya kila mstari. Umo ndani yake.